Kiti cha Kulia

Dola elfu moja mia tatu na arobaini,
bila kodi, bila ufundi.
Niliiandika bei nyuma ya risiti ya dizeli
nikaikunja mara nne,
kana kwamba ikikunjwa itapungua.

Hruska, fundi wa North Platte, aliinama chini ya shingo ya tela,
akakipiga konzi kile kisanduku cha pini,
akasikiliza.
"Hakina ugonjwa," akasema.
"Chuma kizima, bolti zote zipo, pini bado nene.
Ila hakisamehe."
Akanionyesha kingine, kipya, juu ya rafu:
kina mfuko wa hewa tumboni, shokapu mbili ubavuni.
"Hiki hakipigi. Hiki kinapumua."

Nikasema nitafikiri.
Mimi ni mtu wa kufikiri. Miaka thelathini na mmoja
nimepima mahindi kwenye maghala ya Nebraska,
lori lililojaa, toa lori tupu, andika,
na sijawahi kununua kitu kwa sababu kinapumua.

Basi nikapiga hesabu usiku, kwa kalamu ya Ardith.
Tela lina miaka kumi na minne. Pikapu ina deni.
Pini inaikandamiza sahani kwa ratili elfu mbili na mia nne,
na hicho kipya kinaongeza mia moja na kumi.
Tutashusha nini? Cherehani yake?
Tena hiki cha zamani nakijua.
Kila Aprili nimekipaka grisi kwa mkono,
najua kikwaruzo chake kama ninavyojua magoti yangu.

Ardith hakusema neno.
Ndivyo alivyo tangu wampasue shingo kule Omaha
wakaacha skrubu mbili mahali pa mfupa.
Kesho yake, kwenye kituo cha malori cha Ogallala,
akanyoosha kiganja.
"Nipe funguo. Leo naendesha mimi."

Nikazunguka mbele ya gari, nikafungua mlango wa kulia,
maana huku dereva hukaa kushoto.
Miaka kumi na minne, na kiti hicho sikijui.
Kina bonde la umbo lake.
Mto mdogo wa shingo.
Chupa ya vidonge ndani ya tundu la kikombe;
tundu la upande wangu lina kahawa.

Barabara ni ya zege, na zege lina maungio.
Kila ungio tela likasukuma, likavuta,
du-du,
du-du,
kama mtu anayekutingisha bega
akikuuliza swali moja tangu asubuhi.
Dereva ana usukani wa kushika.
Abiria ana nini? Ana shingo.
Nikaanza kuhesabu, ndiyo kazi niliyoijua:
mia mbili na tisini kabla ya bango la maili,
kisha meno yakagongana, hesabu ikanipotea.

Kweli mzigo wa mwenzio kanda la usufi.
Nimepima kila lori la wilaya ile,
usufi huu sikuupandisha mizani hata siku moja.

Sidney, akazima injini.
Upepo ukaendelea kulisukuma tela peke yake.
"Umefikiri?"
"Nafikiri."
"Fikiri. Ila cherehani haishuki."

Nikakunjua risiti. Bei ilikuwa ile ile.
Nyuma kule, kwenye sanduku la tela, kuna spana zangu za kiwandani
na jeki ya trekta nililouza zamani:
ratili mia moja na ishirini, kwa kukisia.
Nikampigia Hruska, nikamwambia asikiuze.
Akauliza kama cha zamani nitakitaka.
Nilikitaka. Nikasema hapana.

Maili mia na ishirini za kurudi, maungio yale yale.
Ardith akanirudishia funguo.
Nikazitazama mkononi,
nikamrudishia,
nikazunguka tena mbele ya gari.