Upande wa Kushoto

Pikapu ya baba ililala kushoto miaka kumi na mmoja.
Si sana. Vidole vinne hivi,
ila ukiweka mayai kwenye siti, yote yalimfuata abiria.
Baba naye akazoea kuinama kulia, dirishani,
kama anayemsikiliza jirani
asiyetaka kupaza sauti.

Ni chumvi ya Mchinga.
Viroba sitini kila safari, vikidondosha maji yake makali
tone kwa tone juu ya difu, ndani ya bushi,
kwenye mikunjo ya chesesi ambako kitambaa hakifiki.
Tuliiosha kila Ijumaa. Kwa nje.

Sasa iko juu ya mawe, gereji ya Nangomwa, Mitwero,
imevuliwa tairi za nyuma,
nami nimeshika tochi.

Nangomwa hatukani vyuma.
Hugonga mara moja, husikiliza, hugonga tena pembeni.
"Hapa kuna chuma," anasema.
"Hapa kuna picha ya chuma."
Anasukuma bisibisi: inazama hadi mpini.
"Chumvi haina adabu, binti. Inakula mpaka sahani."

Yu-bolti tulizinywesha dizeli tangu juzi.
Hazikulewa.
Spana namba kumi na tisa ikazilamba nati kona zote
mpaka zikawa duara kama punje za tasbihi.
Shaweji akawasha grenda,
cheche zikamwagika hadi kwenye ndala zake,
na pini ya kwanza ikiwa nusu,
umeme ukakatika.
Mtaa mzima ukasema "Aaa!"
kisha ukanyamaza.

Tukamalizia kwa msumeno wa mkono.
Mimi mia, Shaweji mia,
tukihesabu kwa sauti, mpaka hesabu ikawa pumzi tu.
Magharibi inaadhiniwa, pini ikatoka.
Haikuanguka. Ilimomonyoka.
Wekundu wake ukabaki viganjani mwangu
kama hina ya bibi harusi aliyeghairi.

Na springi yenyewe, ilipolazwa chini na kufunguliwa,
mama na wanawe wanne wakiwa wamegandana,
wa tatu alikuwa vipande viwili.
Nangomwa akapitisha kidole kwenye mvunjiko.
Ulikuwa na kutu nene, kama penginepo pote.
"Huu si wa jana," akasema. "Huu umetembea nanyi."

Nikahesabu nyuma.
Msimu wa korosho uliopita, hapana. Ule wa kabla yake, hapana.
Nikafika usiku ule wa kumpeleka mama Ndanda,
godoro nyuma, khanga mbili, mimi nimeshika kichwa chake,
na baada ya Mtama, kwenye shimo, ule mlio
tuliodhani ni jiwe.
Baba hakusimamisha gari.

Nikamwangalia. Alikuwa ameketi juu ya debe.
Aliutazama mvunjiko ule kwa muda,
akakiokota kipande kifupi, akakipima uzito,
akakirudisha mahali pake.
Hata bei hakuuliza.

Springi za mtumba zilikuja na basi la usiku kutoka Dar,
ndani ya gunia la mkaa.
Bushi mpya, nyeusi, bado zina poda.
Asubuhi umeme ulirudi; chesesi ikapigwa kiraka,
Shaweji akalala chali, akitafuta tundu la senta bolti
kwa kidole cha mwisho, macho amefumba.
Grisi. Nati.
Kaza huku, kaza kule, rudi huku,
kama unafunga mzigo wa mtu usiyemwamini.

Tukaishusha.
Nangomwa akaweka nati moja kuukuu juu ya siti.
Ikatulia hapohapo.
"Haya, Mzee Chilumba."

Baba akapanda, akawasha, akatoka polepole
kuifuata barabara ya lami.
Nilisimama nyuma kuangalia.
Pikapu ilikuwa sawa kama meza.
Baba, ndani yake, ameinama kulia,
vidole vinne.