Mgeni wa Wengu

Alifika Ganda ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu,
mapajani mwa Jumwa, nyuma ya bodaboda,
akiwa hai. Hilo ndilo lililonitia shaka.
"Hai kabisa, mama. Akifa njiani tumekula hasara."

Sindano chini ya ngozi ya shingo, tone dogo,
kuku arobaini na mmoja,
Jumwa akidunga, mimi nikishika,
kila mmoja nikimwekea punje ya mahindi kwenye kopo.

Nami namjua huyu. Mwaka ule wa njaa
alinichinjia banda zima bila kisu:
kinyesi cha manjano, undu umepauka,
na ini nililolipasua juu ya mfuko wa saruji
likang'aa kama sinia la shaba la harusi.
"Ndiye," akasema Jumwa. "Ila huyu amevuliwa kanzu.
Hana pa kujificha. Askari wa damu watamwona."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu siku ya tatu alikwishapita ini,
amefika kwenye wengu, ametandika mkeka,
na tembe wangu wamejikunyata, mbawa chini,
wanaitazama pumba kama barua ya deni.

Usiku nikakumbuka pakiti ya unga wa manjano,
ile ya duka la Kahaso, karibu na kinu,
iuayo kila kijidudu kilichomo mwilini.
Nilikwisha kuukoroga, maji rangi ya chai hafifu,
ndipo nikampigia simu, saa nane ya usiku.
"Usithubutu! Utamtimua mwalimu
na watoto hawajajua hata herufi."

Nikayamwaga jivuni.
Nikakaa mlangoni mwa banda na tochi inayokata roho,
nikisikiliza somo lisilo na sauti:
humo ndani, gizani, penye joto kushinda Malindi ya mchana,
kitu kinashikwa, kinapapaswa uso,
kinaponyoka, kinashikwa tena,
mpaka kila askari akijue hata usingizini.

Kidimu hakumaliza darasa.
Asubuhi nilimkuta ubavu juu. Sikumpasua.
Jumwa alisema huwa hivyo, dhaifu mmoja, wawili,
na sauti yake ikapungua,
maana mkono uliomdunga ulikuwa wake.

Wiki ya tatu wakaanza tena kuparua jaani.
Mgeni alikuwa akitoka, kidogo kidogo, kwenye kinyesi,
bila kuaga,
nami nikifagia nyayo zake.

Juzi kwa Mbodze kumeanza.
Undu mweupe. Manjano kizingitini.
Yule mwenye kanzu yake sasa
yuko upande wa pili wa ua wa makuti.

Kuku wangu wanachakura. Sijui wanakumbuka nini.
Namtazama Kishingo, ile shingo tupu,
natafuta alama ya sindano, siioni.
Namimina kopo, nahesabu punje, naondoa moja.
Arobaini.
Kesho nitahesabu tena.