Tone la Zeituni

Saa nane za usiku mashine iliita.
Chupa ya saba: damu ya mtoto wa Garifalia,
gramu mia tisa, siku ya kumi na tisa,
hana jina bado, maana huku Krete
jina hungoja maji ya ubatizo.
Kwenye kitanda chake cha kioo wameandika la mama.

Nikapaka tone, nikalitia rangi, nikainamia hadubini.
Chembe nene, kila moja na kichipukizi begani,
umbo la wayo wa kiatu,
kana kwamba mtu amekatiza damuni
asibishe hodi.

Lakini sahanini hakikuota kitu.
Siku ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya.
Nje upepo wa kusini unamwaga vumbi la jangwa madirishani.
Daktari Vardakis akapiga simu:
"Kiriaki, una hakika?"
Nina hakika. Nimekiona.
Kinanikodolea macho na hakitaki kuitwa.

Ndipo nikamkumbuka mwalimu wangu wa Ioannina,
vidole vya njano kwa sigara:
"Ipo hamira mlafi. Sukari haimshughulishi.
Mpe mafuta."

Mkobani mwangu, kando ya mkate na jibini,
kichupa cha zeituni za shamba la shemeji.
Nikayatakasa kwa moto.
Tone moja tu. Nikalitandaza sahanini,
nikaifungia sahani katika joto la mwili.

Kulipokucha: punje,
nyeupe kama malai, nyingi, zimeshiba.

Kumbe ni wewe.
Mpangaji wa ngozi zetu sote,
wa utosini, wa nyuma ya sikio,
miaka nenda rudi huna kodi wala ugomvi.
Umefuata mrija
tunaomlishia mtoto mafuta meupe mshipani.
Tulimwandalia yeye,
ukatangulia mezani.

"Ung'oeni mrija," nikasema.
Wakaung'oa. Wakaanza dawa.

Joto limeshuka tangu juzi.
Hatusemi amepona. Tunasema limeshuka.

Leo Garifalia amesimama mlangoni mwa maabara,
kofia ya karatasi bado kichwani.
Huku msimamizi wa ubatizo ndiye humpaka mtoto mafuta,
utosini hadi nyayoni, asibakize mahali.
Anataka niwe mimi.

Sijamjibu.
Nimefungua bomba,
nanawa mikono kwa mara ya tatu,
na yeye anangoja.