Dirisha Dogo, Newala

Laki tisa na elfu arobaini.
Ndizo alizotuachia Mzee Nampoto baada ya mnada wa tano,
bei ya korosho imeshuka, na sauti yake imeshuka nayo:
"Katibu, usiniletee straika.
Straika ana meneja, ana shemeji, ana simu mbili.
Niletee watu."

Nikaenda kutafuta watu.

Hokororo, beki wa kushoto,
aliachwa Songea bila barua. Alijua kaachwa
alipokuta kitanda chake cha kambini kimelaliwa na mwingine.
Goti lake linalia kama mlango wa stoo.
Nikamuuliza anataka kiasi gani,
naye akauliza kama chai ya asubuhi ina chapati.
Nikaandika: laki moja na nusu, na chapati.

Akwilombe, kipa, miaka thelathini na minne kwa cheti.
Tulimkuta ghalani, jasho na vumbi la magunia,
hana timu tangu ile yake ya Masasi ivunjike.
Mikono imezoea kilo themanini;
mpira, anasema, unamwonea huruma.

Na Chitanda, kiungo, mtoto wa Nanyumbu,
viatu ndani ya mfuko wa saruji,
cha kulia namba arobaini, cha kushoto arobaini na moja.
Huyo hakudai kitu.
Aliuliza tu choo kiko wapi.

Kwa kinyozi walitucheka wiki nzima.
"Wenzenu wanashusha vifaa, nyie mnaokota!"
Nikanyamaza, wembe ulikuwa shingoni.
Nilipofika mlangoni ndipo nikamjibu Malibiche:
ndiyo, tumeokota.
Umeona wapi mtu anapanda juu ya mkorosho kuchuma?
Korosho huokotwa chini,
na bati la kibanda chako hiki lilitoka chini hukohuko.

Hawajui hesabu yetu.
Tulikuwa kumi na wanne, mmoja wao dereva.
Mazoezini saba kwa saba,
na malaria ikimchukua beki
kocha alisimamisha ndoo mahali pake.
Tuliipiga chenga ndoo ile, kanzu, tobo, kila ufundi,
tukarudi nyumbani tunajiona mabingwa.
Jumamosi wakaja Tunduru.
Tunduru hawakuja na ndoo hata moja.

Siku ya mwisho mtandao ulikata tangu adhuhuri.
Saa tano na nusu usiku tuko ukingoni mwa Shimo la Mungu,
ukungu, manyunyu, baridi ya kusaga meno,
mimi nimeinua simu kama mtu anayeomba mvua ikome,
Hokororo kaifunika kwa mwavuli wa mke wangu.
Picha ya Chitanda ikafika nusu, ikaganda:
paji la uso, macho, hana mdomo.
Akwilombe akasema, "Mwacheni hivyohivyo, si mtu wa maneno."
Tulicheka hadi tukasahau kutazama saa.
Saa sita kasoro dakika nne mdomo ukafika.

Sasa ni Machi, na sitasema uongo.
Chitanda kacheza dakika kumi na moja pale Nachingwea,
kapoteza mpira mara mbili, kashinda kona moja.
Hokororo anacheza, anapumzishwa, anacheza.
Akwilombe hajagusa nyasi za mechi.
Huvaa jezi namba thelathini, jina la aliyeondoka
limezibwa kwa plasta, na plasta inabanduka,
naye hukaa benchi wima, glavu mkononi,
kana kwamba refa atamwita jina wakati wowote.
Bado ni wa nane.

Ila Jumanne ile ya kwanza, baada ya mvua,
kocha alihesabu, akahesabu tena,
akatuita na mimi na dereva tukae pembeni:
kumi kwa kumi wametimia, na kipa kila upande,
hakuna mwanya wa kuziba.

Ndoo aliichukua Somoe, mpishi wetu.
Maji hapa tunanunua.
Akaisugua matope kwa mchanga, akaijaza, akajitwika.