Kilo Pungufu, Mara ya Pili

Walisimama wote ukumbini, wakapiga makofi.
Mimi nilibaki kitini. Goti linauma, nikamwambia jirani,
na kweli lilikuwa linauma,
ila si kwa kiasi hicho.

Ina tuzo tatu, ngao mbili, na cheti chenye mhuri.
Mgeni rasmi aliisifu kabla taa hazijazimwa.
Nami ni nani? Tusekile wa Katumba,
niliyeshika mwavuli wa baba juu ya kamera
mwaka ule ilipopigwa ile ya kwanza,
kwa kamera ya harusi ya Asangalwisye
yenye ukungu kwenye lenzi,
kila aliyepita mbele yake
akaonekana ametoka usingizini.

Hadithi ni ileile. Karani wa kupima chai
amekutwa amekufa chini ya mizani ya kituo,
na kila aliyewahi kupunjwa nusu kilo
ni mtuhumiwa.
Yaani sisi sote, pamoja na mchungaji.

Lakini ile ya kwanza, mvua ilikuwa mvua.
Hatukuiomba. Ilitukuta saa nane mchana
ikakaa siku tisa kama mgeni asiyejua kuaga,
na waigizaji walitetemeka
kwa kuwa walisikia baridi.
Hawa wamekuja na gari la zimamoto.
Kununua mvua Tukuyu!
Si bora wangekwenda Kyela na mchele mkobani.

Nitoe haki: sauti inasikika.
Na yule binti aliyeigiza mjane
anamenya ndizi bila kukitazama kisu,
mikono yake inajua jambo ambalo uso haujaambiwa.
Wakamkatiza. Wakatuonyesha milima kutoka juu,
mara nne, kama tumeipoteza.

Mpelelezi wetu alikuwa fundi baiskeli.
Mwisho wa filamu alibaki peke yake kituoni,
akashika ndoano ya mizani kwa mikono miwili,
akakunja miguu.
Mshale ukaenda, ukarudi,
ukasimama pasipo na namba.
Basi. Mkanda ukaisha, jenereta ikanguruma nje,
na nyuma ya banda mtu mmoja akakohoa
tukainama wote.

Hii mpya ina muuaji.
Analia dakika kumi na moja, na zeze linamsaidia.
Baba yake alimpiga, mama yake alimwacha stendi,
na tena si wa kwetu, katoka mjini juzi,
ana viatu vyeupe.
Anafungwa pingu, jua linachomoza,
nasi tunaruhusiwa kwenda nyumbani tukiwa safi.

Hapo ndipo goti liliponiuma.

Ni kama shairi ambalo vina vimetimia,
mizani imetimia,
na mwenye kusema hayupo.
Wanasema imeijaza ile ya zamani, imeziba mapengo yake.
Mapengo yale ndiyo tuliyokuwa tunakaa ndani yake.

Sitasema kwamba yalikuwa ya kweli.
Nasema tu kwamba kabla ya filamu yoyote
palikuwa na usiku mmoja mama alifua suruali gizani,
na asubuhi ikaanikwa jikoni, juu ya moshi,
wakati uani kamba ilikuwa tupu
na jua, kwa mara moja, lilikuwepo.
Asangalwisye hakuniuliza mwavuli ni wa nani.
Baba aliutoa mwenyewe.
Alikuja kutazama kila siku ya kazi, akasimama mbali kidogo,
akalowa.

Jana nilipeleka majani kituoni.
Mizani siku hizi ni ya umeme, namba nyekundu,
haina mshale wa kutetemeka.
Nyumbani nilipima kumi na tatu.
Ikasoma kumi na mbili na nusu.
Karani akaandika, akanipa karatasi, akanisalimia vizuri,
kijana wa watu, mjukuu wa Ambwene.
Alipoinama kukiondoa kikapu
niliitazama shingo yake.
Alikuwa amevaa fulana ya ile filamu.