Maelekezo kwa Sechelela

Ukishuka stendi, usiulize kwa Ndahani.
Watakuangalia tu.
Ndahani aliuza mashine yake ya kusaga kama chuma chakavu,
kwa kilo. Gurudumu lilikuwa zito, halikupandika garini;
liko mbele ya saluni, wamelipandia maua.

Panda bodaboda, mwambie Kitalu F.
Ukisema kule kwa wauza mlenda
atakuzungusha mpaka Ihumwa
na nauli ya kurudi akudai.

Utapita baa ya ghorofa, taa za kijani mchana kutwa.
Pale Chidawali alikuwa akichinja kila Jumamosi,
anakata kwa shoka, anapima kwa jicho,
deni analiandika kwa mkaa ukutani.
Ukuta ulipoangushwa
deni la baba liliangushwa nao.
Wengi walifurahi siku ile, Sechelela. Nisikufiche.
Chidawali mwenyewe alikaa juu ya kigogo chake
akipepea nzi ambao hawakuwepo.

Halafu lami. Halafu hakuna lami. Halafu lami tena.
Shamba la zabibu la akina Mbijima sasa ni nyumba kumi na nne,
mabati ya bluu, zimepeana migongo.
Mtaa wameuita Zabibu.
Wakitaka zabibu wanasimamisha gari barabara kuu,
elfu mbili sahani, wanauliza kama zimeoshwa.

Uliniuliza kwenye simu nani alipima,
na mtandao ukakata. Haukukata.
Nilikata mimi.

Walikuja vijana watatu na darubini ya miguu mitatu,
wanatafuta mtu wa kushika tepu, mwenye kujua mipaka.
Nilijua mipaka.
Nilijua mgunga wenye mzinga ulikuwa wa nani,
uwele wa nani uliishia kwenye korongo,
na pale ambapo Mazoya na nduguye
hawakusalimiana miaka tisa kwa ajili ya hatua mbili za udongo.
Hatua zile mbili sasa ni za barabara.
Kila bikoni elfu tatu, na soda mchana.
Nilichimba mashimo mia moja na sita.
La mia moja na saba liliangukia jikoni kwa mama,
katikati ya mafiga.
Nikasema, hili chimbeni wenyewe.
Wakachimba wenyewe. Hawakuchukua muda.

Fidia ilikuja kwa awamu:
ya kwanza ikawa mabati ya mama huko Hombolo,
ya pili ikawa harusi yako,
ya tatu tunaambiwa faili lipo.

Basi, ukifika kwenye simba wawili wa saruji, geti jeusi,
usibishe kwa jiwe, kuna kengele.
Mwenye nyumba yuko wizarani, mtu mpole,
ananiita kaka, ananiachia gazeti la jana.
Nitakufungulia mimi. Ndiyo kazi yangu.
Sare ni pana mabegani, usinicheke.

Mwaka jana alichimba kisima nyuma, karibu na ukuta,
mita tisini, mashine ikaunguruma siku mbili.
Maji yakatoka. Akayaonja, akatema.
Akanunua kichujio, akanunua kingine,
birika limeota ukoko mweupe,
mabomba yanatafunwa.
Akaniuliza, hapa zamani palikuwa na nini?
Nikamwambia, jiko.
Akacheka, akaniambia wewe kaka una mizaha.

Wewe umekaa Kaliua miaka kumi na miwili,
umezoea maji yasiyo na neno.
Nimekuchotea dumu moja, liko kibandani kwangu, kivulini.
Kumbuka mama hakuwahi kutia chumvi kwenye mlenda,
sisi tukadhani ni umaskini.
Njoo uonje.