Mnong'onezi

Bango tumelibandika mara tatu.
Mara ya kwanza lilisema Ijumaa,
umeme ukakatika juma zima.
Mara ya pili Jumamosi: mvua ikaingia ukumbini
ikakaa viti vya mbele kama waheshimiwa.
Sasa ni Alhamisi, saa kumi, kabla ya giza,
kwa kalamu nyekundu, na chini yake
mkono wa Chola, mtu asiyejua utani:
Safari hii kweli.

Majina yamo yote.
Kyungu, mkurugenzi. Mwadi, mjane.
Kwaya ya Kitivo cha Sheria, sauti ishirini na mbili
(ishirini, wawili wana malaria).
Nsenga na likembe yake ya spoki za baiskeli.
Hata aliyetuazima jenereta yumo, kwa herufi kubwa,
maana ndilo sharti alilotoa.

Langu halimo.
Mnong'onezi haandikwi.
Mimi ni kisanduku cha mbao mbele ya jukwaa,
tochi, daftari la kurasa tisini,
na dunia nzima kwa kimo cha visigino.

Kwa hiyo huku Kasapa nawajua watu kwa viatu.
Kyungu, soli ya kushoto imeachama:
alfajiri alikuwa machimboni akibeba magunia,
na vumbi la kijani la mawe ya shaba
humfuata mpaka kwenye kiti cha mkurugenzi,
ambako anakaa, anakunja nne,
anamwambia mjane arudi kesho.
Anaisema vizuri mno ile kesho.
Ameambiwa mara nyingi.

Mwadi huvua viatu.
Kikwembe chake kimeazimwa kwa mama yangu, mtaa wa Kenya;
mama hajui bado kwamba ameazima.

Na kila zoezi, ukurasa wa sitini na moja,
mjane anapiga meza, anasema:

*Nipeni changu kizima, sikuja hapa kulia,*
*Mlimtwaa mzima, mwaniletea…*

hapo anakwama.
Mimi chini, haraka: kofia.
Anaidaka, tunaendelea.
Jana kofia. Juzi kofia.
Nikaanza kumcheka moyoni: shairi zima la kurasa tatu
analo kichwani kama namba ya simu,
neno moja la kofia linamshinda!

Jumatatu, bombani, tukingoja ndoo ijae,
akaniambia bila kunitazama:
Usinipe upesi.
Nyumbani Katuba iko nyuma ya mlango,
ya njano, ina namba ya baba kwa rangi nyeusi.
Mama anatia vitunguu humo.
Mimi silisahau neno. Nalingoja.
Alhamisi nyamaza mpaka mtu akohoe.

Ndoo ikafurika. Tukamwaga kidogo, tukabeba.

Profesa Kaumba anasema ukimya haumo katika muswada.
Anasema watu watadhani tumesahau,
watapiga miluzi, hasa wale wa Uhandisi.
Nimemjibu ndiyo, Profesa.
Kisha nikafungua daftari, ukurasa wa sitini na moja,
na neno kofia nikalizungushia penseli,
duara kubwa, mara mbili, mpaka karatasi ikatoboka.

Basi njoni. Kiingilio franka elfu moja,
mwenye kiti aje nacho,
mwenye mtoto aje naye.
Mtasikia likembe, mtasikia kwaya,
mtamwona Kyungu akiwaambia wote warudi kesho.
Na kuna mahali mtadhani mambo yameharibika:
mwanamke amesimama peku, mdomo wazi,
jenereta inanguruma nje,
na hakuna anayemsaidia.

Nitakuwepo. Futi tatu kutoka vidole vyake,
tochi nimeizima,
neno liko mdomoni mwangu, lina uzito,
lina harufu ya vitunguu.
Sijui nitaweza kulishika kwa muda gani.

Tafadhali, mmoja wenu akohoe.
Lakini si mapema.